Mawe ya Mwanza yaliwahi kuuzidi ulimwengu umri

Mwaka 1929, kutoka kituo cha darubini cha Mount Wilson huko California, mwanaastronomia Edwin Hubble alichapisha jedwali fupi la galaksi, yale makundi makubwa ya nyota. Lilisema jambo moja: galaksi iliyo mbali zaidi inatukimbia kwa kasi zaidi. Kiwango chake kilikuwa karibu kilomita 500 kwa sekunde kwa kila megapaseki ya umbali, na megapaseki moja ni miaka ya nuru milioni 3.26. Hesabu ya kurudi nyuma hadi mwanzo ni ya kugawanya tu. Megapaseki ni kilomita trilioni 30.86 mara milioni moja; gawanya kwa 500 upate sekunde, kisha gawanya kwa sekunde milioni 31.56 zilizomo katika mwaka. Jibu ni miaka bilioni 2 kasoro kidogo. Kwa hesabu hiyo, huo ndio ungekuwa umri wa ulimwengu.

Sasa simama ufukweni Mwanza ulitazame Jiwe la Bismarck. Graniti ile, pamoja na majabali yote ambayo watu wa Igogo na Mabatini wamejenga nyumba kati yake, ni sehemu ya mwamba mkongwe wa Tanzania ambao wanajiolojia huuita kratoni. Umri wake unazidi miaka bilioni 2.5. Kwa hiyo jiwe linaloogelewa na watoto lilikuwa limekwisha kuganda miaka milioni mia tano na zaidi kabla ya ulimwengu kuwapo. Mtoto kamzidi mama umri.

Mmoja kati ya hao wawili, mpima mawe au mpima nyota, alikuwa amekosea. Naona kisa hiki ndicho mlango bora wa kuingilia habari ya asili ya ulimwengu, kuliko ile picha ya moto na cheche tunayopewa kila mara. (Ulimwengu hapa si dunia na walimwengu wake, ni vyote vilivyopo, nafasi, muda, nyota na kilicho kati yao.)

Tuanze na mpima mawe. Ndani ya graniti kuna punje za madini ya zirkoni, nyingi hazifiki robo ya milimita. Punje hiyo inapoganda kutoka kwenye magma (mwamba ulioyeyuka) huruhusu urani kuingia katika muundo wake, lakini huikataa metali ya risasi. Hivyo risasi inayokutwa humo baadaye imezaliwa humo humo, kutokana na urani inayooza. Urani-238 hupungua nusu kila miaka bilioni 4.47 na mwisho wake ni risasi-206. Urani-235 hupungua nusu kila miaka milioni 704, na mwisho wake ni risasi-207. Punje yenye miaka bilioni 2.6 itakuwa imebaki na theluthi mbili hivi ya urani-238 ya mwanzo, lakini asilimia 8 tu ya urani-235. Hizo ni saa mbili ndani ya punje moja, kila moja na mwendo wake. Zikikubaliana, umri unaaminika. Zisipokubaliana, mara nyingi ni kwa sababu mnururisho wa urani yenyewe umevunja fuwele na risasi ikavuja, hasa mwamba ulipopashwa joto upya. Ndiyo maana maabara husugua ngozi ya nje ya punje au kuiosha kwa asidi kali kabla ya kupima. Ni kazi ya subira, na imesimama hadi leo.

Aliyekosea alikuwa mpima nyota, mwenye kupima kwa taa.

Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, ziwa linajaa taa za wavuvi wa dagaa. Tuseme mitumbwi yote imebeba karabai za aina moja, zilizopampiwa sawasawa. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: taa iliyo kilomita 2 inakufikishia robo ya mwanga wa taa iliyo kilomita 1, iliyo kilomita 3 inakufikishia sehemu moja ya tisa. Ukijua umbali wa mtumbwi mmoja tu, na ukiwa na kipimo cha mwanga, unaweza kuchora ramani ya mitumbwi yote bila kulowesha mguu. Lakini siku hizi wengi wamehamia taa za sola. Tuseme taa ya sola inatoa mwanga mara nne ya karabai, na wewe hujui. Mtumbwi wake uko kilomita 4, wewe utaandika kilomita 2, na utaandika kwa uhakika kabisa kwa sababu kipimo chako hakina kosa. Kosa liko kwenye dhana kwamba taa ni ya aina ile ile.

Taa ya wanaastronomia ilikuwa nyota za aina ya Sefeidi, zinazong'aa na kufifia kwa mpigo usiobadilika. Ndani yake kuna tabaka la heli linalozuia joto lisitoke. Joto likilundikana, nyota huvimba, kizuizi hulegea, joto hutoka, nyota husinyaa, na mchezo unaanza tena, kama kifuniko cha sufuria ya maharage. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt wa Harvard alichunguza nyota 25 za namna hiyo katika Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani, zenye mpigo wa kuanzia siku moja na ushei hadi siku 127, akaona kwamba yenye mpigo mrefu ndiyo yenye mwanga mwingi. Nyota zote za wingu lile ziko karibu umbali mmoja kutoka kwetu, kwa hiyo tofauti iliyoonekana ilikuwa tofauti ya kweli. Tangu hapo, ukihesabu siku za mpigo unajua ukubwa wa taa.

Hubble aliipata nyota ya namna hiyo katika Andromeda mwaka 1923, yenye mpigo wa siku 31 hivi, akapata umbali wa karibu miaka ya nuru 900,000. Hilo lilitosha kuthibitisha kwamba Andromeda si wingu la humu kwetu bali ni galaksi nyingine kamili, na sifa hiyo ni yake. Ila umbali halisi ni miaka ya nuru milioni 2.5.

Aliyefumbua fumbo alisaidiwa na giza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, taa za Los Angeles zilizimwa kwa hofu ya mashambulizi, na Walter Baade, Mjerumani ambaye kwa uraia wake hakuweza kupewa kazi za kivita, akabaki na darubini ya Mount Wilson yenye kioo cha mita 2.5 na anga jeusi. Aligundua kwamba nyota ziko za vizazi viwili. Mwaka 1952 alitangaza kwamba Sefeidi nazo ni za aina mbili, na kwamba zile zilizotumika kupima galaksi zina mwanga mwingi kuliko ilivyodhaniwa. Karabai na taa za sola zilikuwa zimechanganywa. Umbali wa galaksi ukawa mara mbili kwa siku moja, na umri wa ulimwengu vivyo hivyo. Kisha ikaonekana kwamba baadhi ya vitu ambavyo Hubble alivichukua kuwa nyota kali katika galaksi za mbali vilikuwa mawingu ya gesi inayowaka. Mwaka 1958 Allan Sandage alifikia kiwango cha karibu 75. Rudia hesabu ya juu kwa 75 utapata miaka bilioni 13. Jiwe la Bismarck likarudi kuwa mtoto.

Kosa la pili liko kwenye lugha, na hili ni letu wenyewe. Vitabu na magazeti ya Kiswahili yamezoea kuuita mwanzo wa ulimwengu "Mlipuko Mkuu". Mtu wa Kanda ya Ziwa anaujua mlipuko. Mwamba unatobolewa, baruti inashindiliwa, watu wanafukuzwa wakae mbali, kisha mawe yanaruka kutoka mahali pamoja kwenda kwenye nafasi iliyokuwa tupu. Neno likiingia kichwani na picha hiyo, maswali yote yanayofuata yanakwenda upogo: ulilipukia wapi, nani aliwasha utambi, vipande vya mbele vimefika wapi. Hata Kiingereza hakikulipata jina lake, Big Bang, kwa wenye nadharia. Lilitamkwa redioni BBC mwaka 1949 na mwanaastronomia Fred Hoyle, ambaye hakuikubali nadharia hiyo kabisa. Sisi tumelitafsiri jina la mpinzani na kulifanya somo la shule.

Kinachosemwa na nadharia ni mtanuko, neno ambalo kila mwanafunzi wa sayansi analijua kutoka kwenye somo la joto. Kata ukanda wa tyubu ya baiskeli wenye sentimita 30, ule wa kufungia mizigo. Weka alama za chaki kila sentimita 5, ziitwe A, B, C na kuendelea. Vuta hadi ukanda ufike sentimita 36. Ukikaa A, alama ya B iliyokuwa sentimita 5 sasa iko 6, imesogea 1. C iliyokuwa 10 iko 12, imesogea 2. D iliyokuwa 15 iko 18, imesogea 3. Iliyo mbali zaidi imekwenda kasi zaidi, bila alama yoyote kukimbia juu ya mpira. Sasa hamia D, upime tena: hesabu ni ile ile. Hapana kitovu. Jedwali la Hubble ndilo hilo, na padri Mkatoliki wa Ubelgiji, Georges Lemaître, alikuwa amelitabiri mwaka 1927 kutokana na milinganyo ya Einstein, kama alivyofanya Alexander Friedmann wa Urusi mwaka 1922 kwa upande wa hisabati.

Mfano huu una mahali unapovunjika, na mwalimu anayeutumia aseme wazi. Ukanda una ncha mbili. Ulimwengu hatujaona ncha yake. Ukanda unatanuka ndani ya chumba. Nadharia haihitaji chumba. Tena chaki inatanuka pamoja na mpira, ilhali galaksi, mawe na watu havitanuki, kwa kuwa vimeshikwa na mvutano na nguvu za atomi. Gundisha sarafu badala ya kupaka chaki: sarafu zitaachana, lakini kila sarafu itabaki na ukubwa wake.

Hoja kubwa zaidi dhidi ya picha ya baruti ni joto. Wanaokumbuka televisheni za zamani kabla ya dijitali wanajua chenga: idhaa ikikosekana, kioo kinajaa vidoti vinavyorukaruka. Sehemu ndogo ya chenga zile ilitoka kwenye mwanga wa kale kuliko wote. Mwaka 1964, huko Holmdel, New Jersey, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena ya umbo la pembe ambayo haikuisha kelele. Walielekeza kila upande, mchana na usiku, kiangazi na baridi, kelele ile ile. Waliwafukuza njiwa waliotaga ndani, wakasafisha kinyesi, wakabana viungo vya bati. Ilibaki ziada ya kelvini 3.5 (kelvini huhesabu joto kuanzia kwenye baridi kuu kuliko zote) katika mawimbi ya sentimita 7.35. Mwaka 1965 ilieleweka kuwa ni mabaki ya joto la ulimwengu mchanga, na mwaka 1978 walipewa Tuzo ya Nobel.

Maelezo yake ni haya. Kwa miaka 380,000 ya kwanza ulimwengu ulikuwa moto kiasi kwamba elektroni hazikuweza kutulia kwenye atomi, na mwanga ulikuwa ukigongana nazo kama mtu anayetembea ndani ya ukungu mzito. Joto lilipoteremka hadi kelvini 3,000 hivi, atomi zikaundika na ukungu ukaondoka. Mwanga uliotoka wakati huo bado unasafiri. Tangu wakati huo nafasi imetanuka mara 1,090 hivi, mawimbi yake yamevutwa kwa kiasi hicho hicho, na joto lake sasa ni kelvini 2.725. Setilaiti ya COBE, iliyorushwa Novemba 1989, ilipima spektra yake, yaani mgawanyo wa mawimbi yake, na kuikuta inafuata mchoro wa mwili mweusi, ule wa kitu chenye joto moja kote, kwa usahihi ambao maabara ingeona wivu. Tofauti za joto kati ya upande mmoja wa anga na mwingine, ukishaondoa mwendo wetu wenyewe, ni sehemu moja hivi katika 100,000.

Baruti haifanyi hivyo. Mlipuko una upande wa moto na upande wa baridi, una moshi uliotangulia na uliobaki nyuma. Hapa kila upande unafanana, kwa sababu tukio halikutokea mahali fulani. Lilitokea kila mahali, pamoja na hapo ulipoketi.

Ushahidi wa tatu ni wa mizani. Katika sekunde ya kwanza hivi, nyutroni na protoni zilikuwa zikigeukiana. Joto liliposhuka mchezo ukasimama, zikabaki karibu nyutroni 1 kwa protoni 6. Nyutroni iliyo peke yake haidumu, hupungua nusu kila dakika 10 hivi, kwa hiyo ulimwengu ulipopoa kiasi cha kuruhusu viini kushikana, dakika chache baadaye, uwiano ulikuwa umefika 1 kwa 7. Chukua nyutroni 2 na protoni 14. Nyutroni 2 na protoni 2 zinafanya kiini kimoja cha heli chenye uzito wa 4. Protoni 12 zinabaki kuwa haidrojeni. Nne kati ya kumi na sita ni robo. Mawingu ya gesi ambayo hayajachafuliwa sana na nyota yana heli ya asilimia 24 hadi 25 kwa uzito. Nyota zote tangu mwanzo zisingeweza kupika kiasi hicho.

Mizani hiyo hiyo ina doa ambalo watetezi wa nadharia hulipitia haraka mno. Lithi, elementi nyingine nyepesi ya dakika zile, iliyotabiriwa ni mara tatu hivi ya ile inayopimwa kwenye nyota kongwe. Huenda nyota zenyewe zimeimeza, huenda kuna jambo katika fizikia ya viini. Bado halijafungwa, na halipaswi kufichwa.

Vingine vyote vilikuja baadaye. Oksijeni iliyomo katika maji ya ziwa na kalsiamu iliyomo katika mifupa ya dagaa vilipikwa na nyota. Dhahabu ya Geita ilihitaji matukio makali zaidi, na tarehe 17 Agosti 2017 vyombo vilinasa nyota mbili za nyutroni zikigongana na kuacha dalili za viini vizito. Ziwa lenyewe ni changa kupindukia, maana lilikauka na kujaa upya miaka 15,000 hivi iliyopita. Lakini haidrojeni iliyo katika maji yake, gramu 28 katika kila bilauri ya gramu 250, ina viini vilivyokuwapo tangu sekunde ile ya kwanza.

Turudi kwenye taa, kwa maana ugomvi haujaisha. Leo kuna njia mbili za kupima kasi ya mtanuko. Setilaiti ya Planck, kwa kusoma ule mwanga wa kale na kuupitisha kwenye mlinganyo wa ulimwengu mzima, inatoa kiwango cha 67.4, ikiwa na mashaka ya 0.5 juu au chini. Kundi la Adam Riess linapanda ngazi ya umbali: kwanza pembe ndogo za nyota za karibu (jinsi zinavyoonekana kusogea dunia ikizunguka jua) zilizopimwa na setilaiti ya Gaia, kisha Sefeidi za galaksi jirani, kisha supanova za aina ya Ia, nyota zinazolipuka, zilizo mbali. Mwaka 2022 walipata 73.04, mashaka 1.04. Tofauti ni 5.6, karibu mara tano ya mashaka yote mawili yakijumlishwa kwa kanuni ya takwimu (kwa miraba yake). Bahati mbaya haielezi pengo kama hilo.

Ngazi ina mahali pake pa kuteleza. Vumbi kati ya nyota hufifisha na kupaka wekundu, kama moshi wa mashamba yanayochomwa Agosti unavyofanya taa za ng'ambo zionekane mbali kuliko zilivyo. Sefeidi iliyo mbali huchanganyika na nyota jirani, kama mitumbwi miwili iliyokaribiana inavyoonekana taa moja kali. Darubini ya James Webb, yenye macho makali zaidi, imepima upya Sefeidi zile zile na kukuta mchanganyiko huo si mkubwa kiasi cha kueleza pengo. Hata hivyo kundi la Wendy Freedman wa Chicago, likitumia darubini hiyo hiyo na aina nyingine za nyota, lilipata mwaka 2024 karibu 70, katikati ya wagomvi.

Upande wa Planck nao haukosi dosari. Namba yake haikupimwa moja kwa moja. Imepita katika mlinganyo wenye asilimia 5 ya maada ya kawaida, 27 ya maada ya giza na 68 ya nishati ya giza. Viwili vya mwisho tunavijua kwa athari zake tu. Vipimo vya mradi wa DESI, unaochora ramani ya galaksi, vya 2024 na 2025 vinadokeza kwamba nishati ya giza inaweza kuwa inadhoofika kwa muda, ingawa dokezo hilo halijafikia kiwango cha kuitwa ugunduzi. Kama mlinganyo umesahau kitu, 67.4 nayo itasogea.

Ningelazimishwa kuweka dau, ningeliweka kwenye taa. Kilimia kinatosha kuwa onyo. Wakulima na mabaharia wa pwani ya Waswahili walikitazama kwa karne nyingi: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kundi la nyota linaloonekana kwa macho, jirani kabisa. Setilaiti ya Hipparcos, iliyosifiwa kwa usahihi wake, mwaka 1997 ilitoa umbali wa miaka ya nuru 390 hivi. Njia nyingine zote zilisema 440 hivi. Ubishi ulidumu miaka, hadi vipimo vya redio vya 2014 na kisha Gaia vilipowapa ushindi wa 440. Kosa la zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa chombo cha heshima, kwa nyota ambazo bibi shambani anazijua kwa jina. Dau langu hata hivyo lina wasiwasi kuliko lilivyokuwa kabla ya Webb.

Wanaosema mitandaoni kwamba ugomvi huu umeifuta nadharia hawajapima ukubwa wake. Kosa la 1929 lilikuwa la mara saba. Hili ni la asilimia 8. Mwaka 2022 zilienea habari kwamba picha za Webb zimeonyesha galaksi zilizokomaa mapema mno, kwa hiyo hakukuwa na mwanzo wa moto. Galaksi inayoitwa JADES-GS-z14-0 kweli ilikuwapo miaka milioni 290 tu baada ya mwanzo, na kweli inang'aa kuliko waliotengeneza mifano ya nyota za kwanza walivyotegemea. Hilo linawabana wanaohesabu jinsi nyota zinavyozaliwa. Heli na ule mwanga wa kelvini 2.725 viko pale pale.

Na hapa ndipo wahubiri na wapinzani wao wanapoiongezea nadharia maneno isiyoyasema. Inaeleza kwa namba jinsi ulimwengu ulivyopoa kuanzia sekunde ya kwanza hivi. Kabla ya hapo kuna mawazo, baadhi mazuri sana, kama lile la Alan Guth la 1981 kwamba nafasi ilivimba ghafla katika sehemu isiyofikirika ya sekunde. Machi 2014 kundi la BICEP2 lililoko Ncha ya Kusini lilitangaza kuona alama ya uvimbe huo. Kufikia mwanzo wa 2015, baada ya kulinganisha na Planck, ilibainika kwamba ishara hiyo ingeweza kuelezwa na vumbi la galaksi yetu. Kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwapo kitu, mlinganyo hausemi. Mwaka 1951 Papa Pius XII alipoihusisha nadharia hii na uumbaji, aliyehuzunika alikuwa Lemaître, padri mwenyewe, kwa kuwa aliona fizikia na imani kila moja ina shamba lake. Wahubiri wetu wa Kirumba na wapinzani wao wangefaidika kumsoma.

Anayetaka kuviona vyombo vya hesabu hii hahitaji kwenda California. Mwanza iko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo ina upendeleo ambao Leavitt na Hubble hawakuwa nao: wingu la mmoja na galaksi ya mwingine vinafika kilele pamoja, kimoja kusini, kingine kaskazini, saa ile ile. Katikati ya Agosti ni karibu saa kumi alfajiri. Katikati ya Novemba ni karibu saa nne usiku, ingawa Novemba mvua za vuli huharibu usiku mwingi. Chagua siku za giza, zile zile za wavuvi wa dagaa. Ufukwe wa kusini wa Ukerewe, unaotazama Ghuba ya Speke, ni bora kuliko mjini. Zima simu, kaa gizani dakika 20 hadi 30 macho yafunguke; ukihitaji taa, ifunike kwa kitambaa chekundu. Ngumi yako mkono ukiwa umenyooka ni nyuzi 10 hivi. Geukia kusini, panda ngumi mbili kutoka upeo: doa hafifu kama pumzi kwenye kioo ni Wingu Dogo la Magellan, miaka ya nuru 200,000. Geukia kaskazini, panda ngumi nne na nusu: doa la mviringo uliobanwa ni Andromeda. Darubini ya macho mawili ya 7×50 au 10×50 inatosha. Usilikazie doa macho moja kwa moja. Tazama pembeni yake kidogo, kwani katikati ya jicho huona vibaya gizani. La kaskazini likionekana na la kusini likakataa, mara nyingi ni taa ya sola ya mtumbwi ulio karibu upande huo. Subiri mvuvi avute nyavu na kusogea.